Umri wa Mawe ya Mwanza

Mji wa Mwanza umezungukwa na mawe makubwa ya matale, mengine yamepandana kana kwamba yalipangwa kwa mikono. Mawe hayo ni sehemu ya mwamba mpana ulio chini ya nchi, tangu Ziwa Viktoria hata pande za Dodoma. Wataalamu huuita ngao, nao ulisimama imara wakati nchi za kando yake zilipokunjwa.

Je, umri wake hujulikanaje? Matale yalipoganda hapakuwa na mnyama wala mti, basi hatuwezi kutafuta mifupa ndani yake. Lakini mna chembe ndogo za madini yaitwayo zirkoni. Chembe hiyo inapofanyika hupokea urani kidogo, bali risasi huikataa. Kisha urani hugeuka kuwa risasi polepole, kwa kanuni isiyobadilika: nusu yake hugeuka kwa miaka milioni 4,468.

Fikiri ghala lililojazwa mahindi, likafungwa, na wadudu wamo ndani. Ajuaye mwendo wa wadudu, akipima unga na mahindi yaliyosalia, atajua siku lilipofungwa. Ndivyo alivyohesabu Mwingereza Arthur Holmes, ambaye mwaka 1911 alitangaza umri wa mawe kwa kupima urani na risasi.

Katika chembe za matale ya Mwanza, karibu theluthi ya urani imekwisha geuka. Basi umri wake wazidi miaka milioni 2,500. Lakini katika milima ya Usambara na Uluguru ziko chembe zilizovikwa gamba jipya, na katika gamba hilo imegeuka karibu sehemu ya kumi tu. Hivyo twajua ya kuwa yapata miaka milioni 640 iliyopita nchi zilisukumana, na mawe ya huko yakapikwa kwa joto kuu chini ya ardhi. Ngao haikuyeyuka.

Hata baadaye sana, Bonde la Ufa lilipoanza kuipasua Afrika Mashariki, halikupita katikati ya ngao. Liligawanyika matawi mawili, moja likapita mashariki na moja magharibi, na mwamba wa kale ukabaki katikati.

Maswali
1. Mwamba huu uitwao ngao ulikuwaje wakati nchi za kando yake zilipokunjwa?
2. Katika mfano wa ghala, mahindi ni nini, na unga ni nini?
3. Gamba jipya la chembe latuambia nini?