VITUFE VYA SIMU VILIENDA WAPI?

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Nyanya yangu ameishi zaidi ya miaka sabini kando ya ziwa huko Homa Bay. Ameona mengi, lakini simu isiyo na mahali pa kubonyeza ilimshinda. Katika makala haya nataka tujifunze vitufe vilienda wapi, kwa nini viliondolewa, na sisi vijana tufanye nini.

Kwanza, tuitazame simu ya zamani, ile tunayoiita mulika mwizi. Ina kitufe cha kijani cha kupokea na chekundu cha kukata. Ukipotea popote ndani yake, bonyeza chekundu nawe umerudi mwanzo. Tena kwenye tarakimu 5 huwa na kinundu kidogo, ili kidole kijue kilipo hata gizani. Nyanya hakusoma sana, lakini alikuwa akipiga simu bila kuitazama, huku akifukuza kuku kwenye omena alioanika.

Pili, mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 2007 iPhone ilitoka ikiwa na kitufe kimoja tu usoni. Mwaka huohuo M-Pesa ilianza hapa Kenya, na watu waliitumia kwa simu za vitufe. Mwaka 2011 Android 4.0 ilileta vitufe vitatu vilivyochorwa ndani ya kioo. Mwaka 2017 iPhone X iliondoa hata kile kimoja, na mwaka 2019 Android 10 ikaleta mtindo wa kupangusa kioo kutoka ukingoni. Sababu ni nini? Watengenezaji walitaka kioo kikubwa bila simu yenyewe kuwa kubwa. Isitoshe, kitufe huchakaa, na pale kilipo hupitisha vumbi na maji.

Tatu, kwa nini kioo hukataa vidole vya wazee? Jibu limo katika fizikia yetu ya kidato cha tatu. Kioo hufanya kazi kama kapasita. Kina tabaka jembamba lisiloonekana lenye chaji ndogo ya umeme. Kidole hupitisha umeme, hivyo kikigusa hubadilisha chaji ya mahali pale na simu hutambua. Maji ya samaki nayo hupitisha umeme, basi simu huchanganyikiwa. Ngozi kavu iliyokomaa kwa kazi nayo haitambuliki vizuri.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Desemba iliyopita mjomba alimnunulia nyanya simujanja. Tulishangilia sana! Baada ya wiki mbili, mama mmoja wa Sori, huku kwetu Migori, alimpigia kumwambia mzigo wa omena uko tayari. Nyanya akapangusa juu, akapangusa chini, wapi! Simu ikanyamaza, naye hakujua aingie wapi ili ampigie. Mzigo akauziwa mwingine.

Hilo lilikuwa dogo. Akaanza kumpa simu yeyote aliye karibu, "Nisaidie, imekwama," pamoja na nambari yake ya siri. Siku moja shilingi 3,200 za kununulia mzigo zikatoweka. Hadi leo hajui ni nani aliyezitoa.

Nilipoenda likizoni Aprili, alinikabidhi simu na kunitajia nambari ya siri kabla sijaulizwa. "Nyakwara, wewe ndiwe macho yangu," akasema. Niliona aibu. Desemba nilimfanyia kila kitu upesi upesi ili nirudi kucheza, wala sikumfundisha hata jambo moja.

Basi tulifanya hivi, nawe waweza kufanya:

1. Rudisha vitufe vitatu. Katika baadhi ya simu za Android, ingia Mipangilio, kisha Mfumo, kisha Ishara, uchague vitufe vitatu. Majina na njia hutofautiana kati ya simu na simu.

2. Ruhusu kitufe cha kuwashia kikate simu. Chaguo hilo huwa katika sehemu ya ufikivu. Hapo mzee hupata angalau kitufe kimoja cha kweli.

3. Ondoa kwenye ukurasa wa mwanzo programu zote asizotumia.

4. Mzee aishike simu mwenyewe, wewe weka mikono nyuma. Abadilishe nambari ya siri, nawe ugeuke anapoiandika.

Lakini tusidanganyane. Vitufe vya kuchorwa havina kinundu, na kidole hakivipapasi. Kwa hiyo nyanya alikata shauri mwenyewe: akatoa mulika mwizi kabatini, akarudisha humo laini yake ya M-Pesa. Simujanja ni ya kuonana na mjomba jioni, mikono ikiwa mikavu. Usiache mbachao kwa msala upitao! Tangu hapo hajampa mtu nambari yake, hata mimi.

Mwanachama mwenzangu, sisi wa shule ya kutwa hulala nyumbani kila siku, kwa hivyo hatuna kisingizio. Jioni ya leo muulize nyanya au babu, "Ukipotea kwenye simu yako, unarudije?" Asipojua, usimnyang'anye simu. Keti kando yake, naye abonyeze mwenyewe, hata kama ni mara kumi.