Kutoka Sasa au Kungoja Kupambazuke?
Kijitabu cha elimu kwa familia kuhusu maradhi ya usiku

Baada ya saa nne usiku, kituo cha afya hupokea wagonjwa wa aina mbili. Wapo ambao wangelala hadi asubuhi bila kupoteza kitu: jino lililouma tangu Jumapili, mba unaowasha, mafua yaliyoziba pua. Na wapo ambao walipaswa kuja mchana, wakangoja baba arudi, pesa zipatikane, bibi apigiwe simu kijijini. Wote wanakaa kwenye benchi moja, na mhudumu wa zamu pengine yuko peke yake. Kijitabu hiki kinaisaidia familia kulitambua hilo kundi la pili mapema, maana ndilo linalofiwa.

Jambo moja lifanyike mchana, mkiwa wazima. Zahanati nyingi za mitaa hufungwa jioni. Vituo vya afya vingi vina vitanda na zamu ya usiku, na hospitali za wilaya na za rufaa za mikoa hupokea dharura saa zote. Ulizeni ni kipi kati ya vilivyo karibu nanyi hakifungi mlango, na wekeni kwenye simu namba ya dereva wa bajaji anayekubali kuamshwa.

HOMA YA MTOTO, NA DEGEDEGE

Joto la mwili hupanda jioni hata kwa mtu mzima asiyeumwa. Ndiyo maana mtoto aliyeshinda na kijoto cha hapa na pale anaweza kuwaka ifikapo saa mbili usiku, mama akadhani ugonjwa umeingia ghafla. Kipimajoto kinasema kidogo kuliko mtoto mwenyewe. Akinyonya au kunywa, akikutazama, akimtambua kaka yake, mpunguzie nguo, mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake ukitumia kikombe au bomba lililokuja na chupa (kijiko cha jikoni hakina kipimo), usirudie kabla ya saa sita kupita, na asubuhi mapema apimwe malaria.

Mtoto hasubiri asubuhi ikiwa hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amelegea au haamki vizuri, shingo imekakamaa, viganja vimepauka, anapumua haraka huku mbavu zikibonyea ndani, au amepata degedege. Na mtoto aliye chini ya miezi miwili akipata homa, homa hiyo peke yake inatosha kuwatoa nyumbani.

Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu ya kidole, na jibu hutoka ndani ya dakika kama 15 au 20. Tanzania Bara ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2006, na inafanya kazi vizuri ikimezwa inavyotakiwa. Shida hutokea nyumbani. Dozi ya pili inafuata baada ya saa nane, kwa hiyo aliyemeza ya kwanza saa tatu usiku anatakiwa aamshwe saa kumi na moja alfajiri. Wengi hawaamshi, wanasema mtoto amelala vizuri, aachwe. Mwamsheni. Aimeze na kitu chenye mafuta kidogo, hata maziwa, na akiitapika ndani ya nusu saa apewe nyingine. Dozi ni sita kwa siku tatu, hata kama siku ya pili keshaanza kukimbizana na wenzake.

Degedege linahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndilo linalozua ubishi mlangoni wakati mtoto anaendelea kukakamaa. Mikoa ya Pwani wako wazee wengi wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo apelekwe kwanza kwa mganga, afukizwe, amwagiwe maji, na hospitali ifuate baadaye. Tusiwacheke. Kwa miaka mingi watoto walifikishwa hospitali wakiwa hatua ya mwisho kabisa, wakachomwa sindano, wakafa muda mfupi baadaye, na sindano ndiyo kitu cha mwisho ambacho familia ilikiona. Lakini aliyeua ni malaria iliyopanda kichwani, na leo dawa inayomwokoa mwenye malaria kali ni ya sindano vilevile.

Mtoto akianza kutikisika, angalia saa. Mlaze kwa ubavu sakafuni, mbali na jiko na ncha za meza, legeza nguo ya shingoni. Usimtie kijiko mdomoni wala kidole, usimpe maji wala dawa ya kunywa, usimshike kwa nguvu ili atulie. Moshi wa kinyesi cha tembo, mkojo, ndoo ya maji baridi: vyote vinakula dakika, na vingine vinampalia. Mara nyingi mtikisiko hukoma wenyewe kabla ya dakika tano. Ukipita hapo, beba mtoto muondoke ukiendelea. Hata ukikoma, nendeni usiku huo huo. Watoto kati ya miezi sita na miaka mitano hupata degedege kwa homa tu, na wengi hupona bila madhara, ila hakuna mzazi anayeweza kutofautisha hilo na malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo kwa kutazama.

Bibi akisisitiza mganga, msigombane saa nane za usiku. Mwambieni aje nanyi hospitali.

PUMU HUPENDA ALFAJIRI

Kati ya saa nane usiku na kumi na moja alfajiri njia za hewa za mwenye pumu huwa nyembamba kuliko saa nyingine yoyote, na chumbani kuna vumbi la godoro, dirisha limefungwa, dawa ya mbu ya kuchoma inafuka chini ya kitanda. Anayeamka akikohoa usiku zaidi ya mara mbili kwa mwezi anaambiwa na mwili wake kwamba pumu haijadhibitiwa. Huyo anahitaji kwenda kliniki mchana kuanzishiwa dawa ya kuvuta ya kila siku, badala ya kuishi kwa kukimbizwa kupewa mvuke.

Shambulio likija, mkalishe wima, usimlaze. Tumia pampu ya buluu ya salbutamol: mpulizo mmoja, avute pumzi mara kadhaa, kisha mwingine, hadi mipulizo minne au zaidi, na kurudia baada ya dakika 20 ikibidi. Mtoto hawezi kuvuta moja kwa moja kutoka kwenye pampu. Chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, toboa tundu kitakoni linaloibana pampu, na mdomo wa chupa uwe kinywani mwake. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya namna hiyo, ikizibwa vizuri kwenye tundu, husaidia sawa na chombo cha dukani.

Asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au ambaye midomo imeanza kuwa ya buluu, au ambaye kifua kimekuwa kimya baada ya kupiga filimbi, apelekwe huku mkiendelea kumpulizia. Ukimya huo ni hewa iliyokoma kupita. Familia nyingi huufurahia.

TUMBO

Kuharisha na kutapika ndiko kunakojaza vituo msimu wa mvua. Tuseme kwa kifupi: anzeni maji ya chumvichumvi nyumbani kabla ya kuondoka, pakiti nzima kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwa kijiko, polepole, hata kama anatapika. Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ikivutwa ikachelewa kurudi, au mkojo usipotoka kwa saa sita, tokeni. Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, msingoje dalili hizo.

Maumivu ya tumbo bila kuharisha yanataka akili zaidi, na hapa ndipo watu hupoteza usiku mzima kwa dawa ya minyoo na soda ya tangawizi. Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini kulia, mgonjwa akakataa chakula na kutembea ameinama, yanaelekea kwenye kidole tumbo. Asipewe dawa ya kuendesha. Mwanamke aliyekosa hedhi akashikwa na maumivu ya upande mmoja chini ya tumbo, hasa akizimia au bega likiuma bila sababu, anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi na damu inavujia ndani. Huyo ana saa chache. Pengine hajamwambia mtu kwamba amekosa hedhi, kwa hiyo muulizeni faraghani.

Na kijana wa kiume anayeamka usiku akisema tumbo linauma, akijikunja na kutapika, aulizwe na baba au mjomba wake kuhusu korodani. Korodani hujisokota, damu ikakatika, na uwezekano wa kuiokoa hupungua sana zikipita saa sita. Wavulana wengi huona haya hadi asubuhi.

WATU WAZIMA: PRESHA, SUKARI, KIHARUSI

Mtu akipimwa presha kwa jirani saa tano usiku, mashine ikaonyesha 160 kwa 100, nyumba nzima hupagawa. Kama hana dalili yoyote, ameze dawa yake kama aliisahau, alale, aende kliniki kesho. Kuishusha presha kwa haraka kwa kumeza vidonge vya jirani ni hatari kuliko namba yenyewe. Kinachomtoa nyumbani ni maumivu ya kifua, pumzi kukata, kichwa kupasuka ghafla kuliko alivyowahi kuumwa, au mkono na mguu kulegea. Mjamzito yuko kwenye hesabu tofauti kabisa: mimba ikiwa imepita miezi mitano, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au uso na mikono vikivimba, apelekwe mara moja, kwa kuwa kifafa cha mimba hakitoi onyo la pili. Kwa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga, piga 115 bila malipo. Ndiyo namba ya usafiri wa dharura wa m-mama.

Maumivu ya kifua huitwa gesi. Pengine ni gesi kweli. Lakini mtu wa makamo mwenye presha au sukari, anayetoka jasho jembamba huku kifua kikibana na maumivu yakipanda taya au mkono wa kushoto, hatibiwi kwa magadi.

Kiharusi mara nyingi hugunduliwa alfajiri: mzee ameamka, mdomo umekwenda upande, maneno hayaeleweki. Daktari ataanza kwa swali la saa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, palipo na huduma hiyo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Basi kumbukeni mara ya mwisho mlimwona mzima ilikuwa lini. Msimpe aspirini, maana kiharusi kingine ni cha mshipa uliopasuka, na nyumbani hamwezi kujua ni kipi.

Mwenye kisukari aliyechoma insulini kisha akalala bila kula, akaamka akitetemeka, anatoka jasho na kusema ovyo, sukari imeshuka. Kama anameza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, urudie ikibidi, kisha ale. Kama hana fahamu, msimimine kitu kinywani. Hili hutokea zaidi Ramadhani, kwa wafungaji ambao hawakupangiwa upya dozi zao.

MENGINE YA USIKU

Mdudu akiingia sikioni, mimina matone ya mafuta ya kula yasiyo moto ili afe, kuchimbua kuache hadi asubuhi. Sikio linalotoka usaha lisitiwe kitu. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe wala kupewa maziwa: yakirudi juu yataingia mapafuni. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida kwa dakika 20, na dawa ya meno, yai na asali vibaki jikoni.

Njombe, Mbeya na Iringa, baridi ya Juni na Julai huwafanya watu walale na jiko la mkaa ndani. Hewa yake ya sumu haina harufu. Nyumba nzima ikiamka na kichwa kinauma, fungueni milango, tokeni nje, kisha ndipo muulizane.

MKIFIKA

Anayevuja damu kwa ajali asipitishwe kwanza kituo cha polisi kutafuta PF3. Atibiwe, fomu itafuata.

Bodaboda haifai kwa mgonjwa asiye na fahamu, kwa sababu kichwa huinama na njia ya hewa kuzibana. Bajaji inampa nafasi ya kulala kwa ubavu.

Bebeni kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na maganda ya dawa zote alizomeza, pamoja na ya mitishamba. Watu huficha mitishamba kwa kuogopa kufokewa, na daktari hubaki akitafuta sababu ya ini au figo kuharibika. Atakayewafokea kwa kusema kweli ana kosa lake, si lenu.

Mkipewa jibu kwamba ni taifodi na UTI kutokana na kipimo kimoja cha damu cha haraka, mna haki ya kuuliza. Kipimo cha damu cha taifodi kilichozoeleka hutoa majibu ya uongo mara nyingi, na UTI hupimwa kwa mkojo. Watu wengi mijini wamechomwa sindano za siku tano kwa magonjwa ambayo hawakuwa nayo.

Mwisho, benchi. Mgonjwa mwenye dalili za hatari zilizotajwa humu asikae kwenye foleni akingoja kuitwa. Mmoja wenu abaki kwenye dirisha la usajili, mwingine aende moja kwa moja kwa nesi na kusema kwa kifupi: umri, kilichoanza, kilianza saa ngapi, dawa gani amepewa na saa ngapi. Kisha mseme dalili yenyewe kwa jina lake, kwa mfano, “Mtoto hanyonyi tangu saa moja jioni na ametikisika mara mbili.” Mkisema “anaumwa sana” mtaambiwa mkae, kwa kuwa kila aliyeko pale anaumwa sana.