KIJANA NA AMRI YA MZAZI WAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kumtii mzazi ni faradhi, wala wanavyuoni hawakukhitilafiana katika hilo. Lakini faradhi hii ina mpaka, nao umetajwa katika Sura ya Luqman, aya ya 15: wazazi wakimshurutisha mtoto kumshirikisha Mwenyezi Mungu hawatiiwi, na juu ya hayo atakaa nao duniani kwa wema. Watu wengi hushika neno moja katika haya mawili, wakaliacha la pili.

Musab bin Umair (R.A.) aliyashika yote. Alikuwa kijana wa Kikureshi aliyelelewa katika neema, nguo na manukato yake yakijulikana Makka nzima, na yote hayo yalitoka mkononi mwa mama yake, Khunas binti Malik, mwanamke mwenye mali na amri. Akasilimu kwa siri. Alipoonekana akisali, habari ikamfikia mama, naye akamfunga ndani. Wala hakuwa mama asiyempenda mwanawe. Alimpenda mno, na huko ndiko kulikomfanya amfunge. Kijana akapata kutoka, akahamia Habasha mwaka wa 615 wa Miladi. Aliporudi hakuwa na hariri tena, kwani mama alimkatia kila kitu. Wapokezi wanasimulia kwamba alimnasihi mama yake atoe shahada, akakataa, wakaachana wote wawili wakilia.

Basi huyu aliyekatiwa riziki ndiye aliyechaguliwa na Mtume (S.A.W.) mwaka wa 621 kwenda Yathrib kufundisha Kurani, ilhali Makka walikuwako Waislamu waliomzidi umri. Huko Usaid bin Hudhair akamjia na mkuki mkononi ili amfukuze. Musab akamwomba akae asikilize kwanza, na asipopendezwa ataachiwa mji wake. Akakaa, akasilimu, kisha Saad bin Muadh, na watu wake wakamfuata. Huenda upole huo mbele ya mkubwa mwenye hasira aliuzoea nyumbani kwa mama yake. Akauawa Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, naye ndiye mchukuzi wa bendera. Nguo yake moja haikutosha kumfunika kichwa na miguu pamoja.

Ama wazazi wakiwa Waislamu, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba mtoto haendi jihadi ila kwa idhini yao. Lakini safari ya kutafuta elimu iliyo faradhi ya kila mtu haihitaji idhini, na kadhalika iliyo faradhi kifaya, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Washereheshaji wakatia shuruti: njia iwe ya amani, wala mzazi anayepasa kulishwa naye asiachwe bila wa kumlisha.

Kwa watu wa Nyamwage mas'ala haya hayako mbali. Mpunga ukianza kuiva bondeni, baba humtaka mwanawe dunguni aamie ndege; na kijana akitaja kwenda kusoma Unguja au Lamu, huambiwa kwamba chuo cha nyumbani chatosha. Hapo huulizwa: je, yuko nyumbani mwalimu wa elimu hiyo? Na baba ana nguvu zake, au hana mkono mwingine ila huu? Akiwa hana mwingine, kijana hukaa akavuna, au humweka wa kushika mahali pake. Akiwa na nguvu, na ndugu wapo, naye amekasirika tu kwa kuwa neno lake halikufuatwa, hasira hiyo haiifanyi safari kuwa haramu. Lakini kijana asitoke usiku kama mwizi. Amuage baba mchana, mama yake akiwapo, na baba akikataa kumpa mkono, aubusu.