Mji Kuwa na Rafiki Ng'ambo

Sote huku Lingeka tunajua kwamba mambo ya nje ni kazi ya Serikali Kuu. Ni kweli. Halmashauri haifungui ubalozi. Lakini mji unaweza kuwa na mji rafiki ng'ambo.

Tazameni jirani zetu wa Mwanza. Tangu mwaka 1966 wana urafiki na Würzburg, Ujerumani. Mwaka 1988 wakaanza na Tampere, Ufini, wakashirikiana katika elimu na mazingira.

Huko Japani jambo hili lina uzito wake. Mwaka 1945 Marekani iliupiga mji wa Nagasaki kwa bomu la atomiki. Maelfu walikufa. Mwaka 1955, miaka kumi tu baadaye, Nagasaki hiyo hiyo ikafunga urafiki na Saint Paul, mji wa Marekani! Sisi tunaona mabalozi peke yao wasingeweza kupatanisha watu namna ile.

Sasa, urafiki huo hufanywa kwa jina la wananchi. Kwa hiyo halmashauri ikipata rafiki, diwani wetu na atueleze kwenye mkutano wa kijiji: tumekubaliana nini? Kimeletwa nini, na kiko wapi?