Somo la Mwezi: Buti Lisilochubua Mguu Mlimani



Mpini wa jembe ukivunjika, wapata mwingine siku hiyo hiyo. Mguu ukichubuka, hakuna duka liuzalo mwingine. Kwa hiyo mwezi huu hatusemi juu ya mbolea wala mbegu. Twasema juu ya mabuti.

Nchi yetu ya Kisii na Nyamira ni ya vilima. Hapo zamani wazee walipanda milima hii kwa kuwinda. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977, lakini kupanda na kushuka kungalipo. Mashamba yetu mengi huanzia juu barabarani na kuteremka hadi kijitoni. Tena mvua yetu hupita milimita 1,500 kwa mwaka, kwa hiyo majani huwa na umande na udongo mwekundu huteleza. Miguu ya mkulima wa kwetu hufanya kazi nzito kuliko ya mkulima wa nchi tambarare.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilitumwa kupeleka habari ya siku ya chanjo ya ng'ombe, ile ya kukinga ugonjwa wa miguu na midomo. Nyumba zilikuwa 11, zote mteremkoni. Jioni ya kabla ya siku hiyo nilinunua gambuti mpya. Namba yangu ilikuwa imekwisha, nikachukua iliyozidi. Nilikuwa na haraka, sikujaribu hata kutembea nazo. Nilipofika nyumba ya nane, visigino vyote viwili vilikuwa vimechunika. Nilirudi nyumbani pekupeku, gambuti mkononi. Nyumba 3 hazikupata habari, na ng'ombe wao hawakuchanjwa. Baadaye mama mmoja wa nyumba hizo aliniambia kwa upole, "Mwanangu, kisigino chako ndicho kilichonikosesha chanjo." Sikuwa na jibu.

Lengelenge latoka wapi?

Lengelenge huletwa na mambo matatu: kusuguana, joto na unyevu. Buti likisogea huku na huku, ngozi ya juu huvutwa upande mmoja na ya chini hubaki mahali pake. Baada ya muda mrefu tabaka hizo huachana, na maji hujaa katikati. Ngozi iliyolowa huchubuka upesi kuliko ngozi kavu. Basi buti kubwa huchubua kwa sababu mguu wacheza ndani yake, na buti dogo huchubua kwa sababu labana. Msidhani kwamba kubwa ndilo salama.

Pima mguu kabla ya kwenda dukani

1. Pima jioni, baada ya kazi. Mguu huvimba kidogo mchana kutwa, na buti linalokaa vema asubuhi laweza kubana saa kumi.

2. Simama juu ya karatasi, uzito wote ukiwa miguuni. Mwambie mtoto achore kwa kalamu kuzunguka kila mguu. Watu wengi mguu mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Nunua kwa kufuata ulio mrefu.

3. Kata karatasi hiyo, uende nayo. Iweke juu ya soli ya buti. Ikiwa karatasi imezidi soli kwa upana, buti hilo si lako.

Namba peke yake isikudanganye. Buti moja laandikwa 8, jingine 42, na huenda urefu ni ule ule, kwa kuwa nchi zina hesabu zao. Hata viwanda viwili vyenye hesabu moja hutofautiana.

Jaribu kwa miguu, si kwa macho

Vaa soksi zile zile utakazovaa shambani. Kisha fanya hivi:

Simama, na mbele ya kidole kilicho kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Ukiteremka mlima, mguu huteleza mbele. Pasipo nafasi hiyo, vidole hugonga na kucha hugeuka nyeusi.

Tembea, upande ngazi au kilima kilicho karibu. Kisigino kikiinuka sana ndani ya buti, hapo ndipo lengelenge litakapotokea.

Teremka. Vidole vikigonga, lirudishe. Muuzaji akisema "litalegea", mshukuru, uende duka la pili. Kiatu kinapobana ajuaye ni mvaaji.

Mwisho tia mkono ndani, upapase. Mshono uliovimba au msumari uliochomoza utauhisi kwa vidole sasa, ama kwa kisigino baadaye.

Gambuti au buti la ngozi?

Kila moja lina kazi yake. Kwenye umande, matope na zizi la ng'ombe, gambuti lafaa. Lafaa pia kwa kunyunyiza dawa, maana ngozi hunywa dawa na mpira haunywi. Siku hiyo suruali iwe nje ya buti, dawa isitiririke ndani. Ila gambuti halina kamba za kulishika kisigino, na jasho halina pa kutokea. Kwa safari ndefu ya mlimani halifai.

Kwa safari, buti la ngozi lenye kamba na soli ya meno ndilo bora. Kabla ya kuteremka, simama ukaze kamba pale kwenye kifundo, mguu usiteleze mbele. Kazi hiyo ni ya dakika moja.

Ukinunua mitumba, kama pale Daraja Mbili au Keroka, tazama soli. Ikiwa imelika upande mmoja, buti limeshika mwendo wa mwenyewe wa kwanza, nalo litakupindisha wewe. Liache.

Akala za tairi ni imara, lakini hazikingi mguu na matope wala miiba. Kwenda pekupeku si dawa ya lengelenge, maana hualika funza na safura.

Lizoeshe buti

Buti jipya la ngozi livae nyumbani saa moja siku ya kwanza, na saa mbili siku ya pili. Ongeza polepole kwa muda wa wiki moja au mbili. Usilipeleke mlimani siku ya kwanza kama nilivyofanya mimi.

Soksi za sufu, au zilizochanganywa na sufu, hupita za pamba, kwa sababu pamba ikilowa hukaa imelowa. Chukua jozi ya pili mfukoni, ubadili adhuhuri. Buti lililolowa lijaze karatasi za gazeti, ulianike kivulini. Usiliweke karibu na moto, maana ngozi hupasuka na gundi huachia. Asubuhi likung'ute kabla ya kuvaa. Nyoka na nge nao hupenda nyumba yenye joto.

Likitokea lengelenge

Mguu ukianza kuwaka, simama hapo hapo. Vua, kausha, funika mahali hapo kwa plasta. Usingoje ufike nyumbani.

Lengelenge dogo usilipasue. Ngozi yake ndiyo kinga. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, acha ngozi mahali pake, ufunike kwa kitambaa safi. Usipake samadi, majivu wala udongo, maana vijidudu vya pepopunda hukaa humo. Ukiona wekundu unaenea, usaha, au homa, nenda hospitali. Mwenye ugonjwa wa sukari aende mapema, hata kama haumwi.

Kumbukeni, chai huchumwa kila baada ya siku 7 hadi 14. Mwenye kidonda akikosa mzunguko mmoja, majani hukomaa na kituo hakiyapokei. Fedha ya buti zuri yaweza kupotea katika mizunguko michache ya namna hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tunapima mguu jioni?
2. Buti kubwa kupita kiasi huletaje lengelenge?
3. Ukifika kileleni, utafanya nini kabla ya kuteremka?

Wasomeeni watoto somo hili, kisha wachoreni miguu yao kwenye karatasi. Miguu yao hukua kila muhula, na hawasemi mpaka wanapochechemea.