Kazi, Utumishi na Mkataba: Kirusi na Sera ya Kimataifa kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Mwanafunzi aliyesoma Kirusi katika shahada ya kwanza, kisha akajiunga na masomo ya uzamili katika sera ya kimataifa, aghalabu huulizwa taaluma hizi mbili zinahusiana vipi. Akiwa mwanafunzi wa Kiswahili, swali huzidi ukali: Kirusi cha nini? Jibu la haraka hupatikana Gigiri, ambako Kirusi ni mojawapo ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa. Makala haya yanadai kwamba lipo jibu zito zaidi, nalo liko Kibera na Kawangware.

Ikumbukwe kwamba Kirusi si kigeni kabisa katika historia ya elimu ya Wakenya. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Wakenya waliokwenda kusoma Urusi ya Kisovieti, wengi wao kwa juhudi za Jaramogi Oginga Odinga, walianza kwa kujifunza lugha kabla ya kuingia katika udaktari au uhandisi. Mwanawe, Raila, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata pamoja na Kibera yake kuanzia 1992 hadi 2013, alipitia njia kama hiyo Ujerumani Mashariki: Kijerumani kwanza, uhandisi baadaye. Nao Warusi walikisoma Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyosimamiwa na D. A. Olderogge ilitoka mwaka 1961. Wanafunzi wa miaka ile walijua wanakokwenda na wanachokwenda kusomea.

Hali imegeuka. Septemba 2025 polisi waliwaokoa vijana zaidi ya 20 katika nyumba za kupanga huko Athi River, waliokuwa wakisubiri kusafirishwa kwenda Urusi. Novemba mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Nje ilisema kwamba huenda Wakenya zaidi ya 200 walikuwa wamejiunga na majeshi ya Urusi katika vita vya Ukraine. Baadhi ya waliorejea walieleza kwamba waliahidiwa kazi za kawaida, wakapewa karatasi za Kirusi watie sahihi, nao hawakujua kusoma hata mstari mmoja. Ahadi ya namna hii humlenga mtu wa kibarua: yule anayetoka Laini Saba alfajiri kwa miguu hadi viwandani, au anayepanda kutoka Kawangware kwenda kutafuta mjengo Lavington na Kileleshwa, na jioni akarudi mikono mitupu. Huyo akiambiwa kuna kazi, hana sababu ya kuuliza sana.

Na hapa ndipo isimu inapoingia. Kiswahili kina neno moja pana, kazi. Askari ana kazi, mpishi ana kazi, waziri naye ana kazi. Kirusi hutenganisha: rabota ni kazi ya kawaida, ilhali sluzhba ni utumishi, hasa ule wa dola na wa jeshi. Mkataba nao ni vivyo hivyo. Kwa Kiswahili, mkataba wa mwajiri na mkataba baina ya mataifa mawili ni neno lilelile. Katika sheria ya kazi ya Urusi, mwajiriwa hutia sahihi trudovoy dogovor. Askari wa kujiunga kwa hiari hutia sahihi kontrakt. Anayepigania jeshi kwa malipo ya aina hiyo huitwa kontraktnik. Mfasiri asiyejua tofauti hii ataandika "mkataba wa kazi" pande zote mbili, na hakuna atakayemshtaki kwa kukosea kamusi.

Vitenzi pia vina mtego wake. Kirusi huwa na jozi: podpisyvat ni kutia sahihi kama tendo linaloendelea au la kurudiarudia, podpisat ni kutia sahihi likaisha. Mwanafunzi wa Kiswahili hupata wepesi kidogo hapa kuliko wenzake, kwa kuwa tofauti ya "alikuwa akitia" na "ametia" ameizoea tangu utotoni. (Uhusika sita wa nomino za Kirusi ni jambo jingine, hapo ngeli hazimsaidii.)

Hata hivyo, lugha peke yake haitoshi, na wapenzi wa lugha hawapendi kuambiwa hivyo. Chukua mkataba unaosema odin god, yaani mwaka mmoja. Mwenye shahada ya Kirusi atausoma sawasawa: mwaka mmoja. Lakini amri ya Rais wa Urusi ya tarehe 21 Septemba 2022 iliagiza kwamba mikataba ya askari iendelee kuwa na nguvu hadi kipindi cha uhamasishaji wa kijeshi kitakapokwisha. Maana ya mwaka mmoja, basi, haikuwa ndani ya sentensi. Ilikuwa katika waraka mwingine, na anayejua kuutafuta ni yule aliyesomea sera. Ndiye pia anayejua kwamba sheria za Kenya humkataza raia kujiunga na jeshi la kigeni bila idhini ya Rais. Kinyume chake, msomi wa sera asiyejua Kirusi hungoja tafsiri ya Kiingereza, nayo mara nyingi huja baada ya ndege kuondoka.

Kazi inayobaki kwa wanagenzi wa Kiswahili ni ya istilahi. Kichwa kamili cha waraka wa askari ni kontrakt o prokhozhdenii voyennoy sluzhby. Tafsiri "mkataba wa huduma" ni fasaha na ni hatari, maana huduma kwa msikilizaji wa Makina ni ya hospitali au ya hoteli. "Mkataba wa utumishi wa jeshini" unafaa zaidi. Neno linalotaja jeshi, voyennoy, limo wazi katika kichwa hicho. Kwa hati ya Kirusi lina herufi 7.