SOMO LA AFYA YA NYUMBA: KUPUNGUZA JOTO NA BARIDI CHINI YA MABATI



Wengi wenu mnaoishi mjini Kigali mmepanga nyumba za mabati zisizo na dari. Kambini Mahama pia, tangu mahema ya mwaka 2015 yalipoachiwa nafasi na nyumba za matofali ya udongo, juu ya kichwa ni bati tu, lile ambalo ndugu zetu wa Kivu huliita manjanja. Saa nane mchana ndani ni kama tanuri. Saa kumi usiku baridi inaingia, mama anamwongezea mtoto kitenge cha pili, na matone yanadondoka kutoka juu ingawa mvua haikunyesha. Ndipo baba anapoingiza mbabula yenye makaa ndani na kufunga mlango. Hapo ndipo kwenye hatari, tutarudi.

Matone hayo yanatoka wapi?
Yanatoka kwetu. Pumzi za watu waliolala na mvuke wa sufuria hupanda, hukuta bati lililopoa, hugeuka maji. Magodoro yanalowa, ukungu unaota ukutani, na wenye pumu wanateseka.

Dawa yake ni kuweka kizuizi kati ya bati na chumba. Siku hizi baadhi ya watu hutumia mbao za povu gumu, lile jeupe jepesi ambalo televisheni mpya hufungiwa. Karibu povu lote ni hewa iliyofungwa katika vyumba vidogo sana, na hewa isiyotembea hupitisha joto polepole. Povu halitoi joto wala ubaridi. Linachelewesha tu, kama blanketi.

Namna ya kufanya
Kwanza omba ruhusa: kwa mwenye nyumba kama umepanga, kwa ofisi inayoshughulikia makazi kama uko kambini. Ziba matundu yote ya bati, kwa sababu povu litaficha mvujo mpaka mbao zioze. Pima nafasi kati ya mbao za kenchi, kisha kata povu kwa kisu kikali na ubao ulionyooka, ukizidisha kidogo ili likae kwa kubana. Unene wa sentimita 5 unatosha kuona tofauti. Usiligandishe kwenye bati: acha nafasi ya vidole viwili vya hewa, na tundu dogo kila upande wa paa ili hewa hiyo ipite. Misumari peke yake hupasua povu, kwa hiyo pitisha kila msumari kwenye kizibo cha soda, kama tulivyozoea kupigilia shitingi. Gundi yenye harufu ya petroli usiitumie, inayeyusha povu lenyewe. Viungo vyote vizibwe kwa utepe, maana mvuke ukipata upenyo mdogo utafika kwenye bati na matone yatarudi.

Kama povu halipatikani au bei inakushinda, mikeka ya mafunjo (misambi) iliyotandazwa chini ya kenchi ni dari ya zamani hapa Rwanda. Haizuii joto kama povu, lakini inasaidia, na fundi wake ni jirani yako. Vigae vya zamani vya asbesto vilivyobomolewa, usiviokote kabisa hata ukipewa bure. Vumbi lake huharibu mapafu na huleta saratani baada ya miaka mingi. Ndiyo maana Rwanda imekuwa ikiviondoa.

Moto
Hapa soma polepole. Povu hulainika karibu na joto la maji yanayochemka, na likishika moto hudondosha matone yanayowaka na kutoa moshi mweusi wenye sumu. Mnamo Juni 2017 jengo la Grenfell mjini London liliungua na watu 72 wakafa. Plastiki na povu vilivyobandikwa kwenye kuta za nje vilisaidia moto kupanda. Lile lilikuwa ghorofa, yako ni chumba kimoja, ila mlango wako ni mmoja pia.

Kwa hiyo povu lisiwekwe jikoni, wala mahali unapowasha mshumaa au kibatari. Lisibaki wazi: lifunikwe kwa upande wa chumba, bora kwa mbao za jasi ambazo haziwaki. Misambi haifai kwa kazi hiyo, nayo huwaka. Nyaya za umeme zisigusane na povu, kwa kuwa ganda lake hukauka na kupasuka. Zipitishe ndani ya bomba. Mabaki usiyachome uani, wapelekee wazoa taka.

Sasa ile mbabula. Chumba kilichozibwa vizuri ni hatari zaidi kwa makaa kuliko kile chenye matundu. Makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Pika nje, na mbabula ibaki nje hata ikionekana imezimika. Dirisha lifunguliwe kila siku. Hewa safi hupunguza pia hatari ya kifua kikuu. Watu wawili au zaidi wakianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kutapika kwa pamoja ndani ya nyumba yenye makaa, msingoje asubuhi. Fungueni mlango, watoeni wote nje, watoto kwanza, kisha muwapeleke kituo cha afya na mueleze kwamba kulikuwa na makaa ndani.